Jumanne Niliyomrudisha Mkwe

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho, mtu akilazwa hospitalini mjini Mtwara alilazwa pamoja na ukoo wake. Ndani ya wodi alibaki yeye na ndugu mmoja wa kumwogesha na kumlisha. Wengine walitandika mikeka barazani, wakapika uji nyuma ya jengo kwenye mafiga yaliyoachwa na waliotangulia, wakasikilizia kengele ya saa ya kuona wagonjwa. Muuguzi akitoka na faili mkononi aliuliza, "Mwenye mgonjwa yuko wapi?" na watu wa baraza zima walimtafuta mtu huyo kwa macho.

Mwenye mgonjwa ninayemwandika hapa ni mimi. Mgonjwa alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Kwa sisi watu wa huku, mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mkubwa wake ni mjomba. Mume anamtunza, tena vizuri, lakini likija jambo la kuamua juu ya mwili wake, mjomba ndiye anayeulizwa. Mimi nilikuwa mjomba pekee. Nilikuwa pia karani wa serikali, mkazi wa Mikindani, nimemaliza kidato cha nne, na nilitembea na kalamu mbili mfukoni. Nalitaja hilo la shule kwa sababu sina pa kujificha. Nilijua kusoma maandishi ya hospitali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.

Mpwa wangu aliolewa kijiji cha karibu na mdomo wa mto Ruvuma, na kijana ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita. Walilima muhogo na mpunga wa bondeni, na walikuwa na mikorosho michache. Siku moja akiwa anafyeka chini ya mikorosho alikanyaga kisiki kikamtoboa mguu wa kulia. Akafunga majani, akaendelea na kazi. Hakujua kwamba ana kisukari; sisi sote hatukujua. Wiki ya pili vidole viwili vilikuwa vimebadilika rangi, na mumewe akampakia kwenye gari la samaki akamleta hospitali ya mjini. Dada yangu, aliyekuwa akiishi nao, akaja naye.

Habari hiyo mimi niliipata sokoni Mikindani, Jumatatu jioni, kwa mama mmoja muuza dagaa.

"Karani, pole na mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Kumbe hujaambiwa?" Akaacha kupima dagaa. "Mwanao yuko wodini tangu Jumamosi, mguu umeharibika. Ah, na nyie wakubwa siku hizi mnaambiwa mwisho."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua samaki wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nilinunua dagaa ambao sikuwa na haja nao, nikarudi nyumbani. Kutoka Mikindani hadi mjini hata kwa miguu si safari ya kutisha. Ningeweza kwenda usiku uleule. Nikakaa kitini nikiwaza kwamba mtoto wangu anaugua na habari zake zinauzwa pamoja na dagaa.

Kesho yake, Jumanne, kabla ya adhuhuri, mkwe alikuja. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kandambili, akasimama chini ya ngazi ya baraza.

"Hodi. Shikamoo, mjomba."

Nilimwitikia baada ya kumaliza kukunja karatasi niliyokuwa nayo.

"Mjomba, mwanao amelazwa. Daktari anasema vidole viwili vikatwe, ikiwezekana leo. Wanataka mtu wa kuweka sahihi."

"Wewe huna mkono?"

"Mkono ninao. Lakini mimi mume tu, mjomba. Vidole si vyangu."

Jibu lile lilikuwa la heshima na lilikuwa la mila. Kama ningekuwa mtu mwenye akili siku ile, ningevaa viatu. Badala yake nikamuuliza, "Ulipokuja kumposa, ulikuja peke yako?"

"Hapana. Nilikuja na mshenga."

"Basi na hili lilete kwa mshenga. Sipokei habari za mwanangu kwa wauza dagaa, wala kwa mtu aliyesimama na baiskeli."

Alininyanyulia macho mara moja, akayashusha. "Mshenga yuko kule mtoni, mjomba."

"Njia unaijua."

Ni kweli kwamba kwetu mambo ya ndoa hurudishwa kwa mshenga. Mke akipigwa, mke akikimbilia kwao, mume akitoweka, huyo aliyesimamia posa huitwa akae katikati. Lakini hakuna mzee yeyote aliyewahi kunifundisha kwamba kidonda huombewa ruhusa kwa mshenga. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe pale barazani, kwa ajili ya kicheko cha wanawake wawili wa sokoni. Na kwa kuwa mkwe alikuwa mtu wa ng'ambo, aliyelelewa akiambiwa kila mara kwamba hajui mila za huku, hakuthubutu kuniuliza nimeitoa wapi.

Aliondoka. Mimi niliingia ndani nikala mchana, wali na samaki wa nazi. Nilikula nikashiba.

Yaliyotokea hospitalini siku hizo nilisimuliwa na dada yangu. Muuguzi wa zamu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na Jumanne ileile alikwenda kitandani na karatasi na kidau cha wino.

"Mwanangu, mguu ni wako. Weka dole gumba hapa, tumalize."

"Mjomba anakuja," akajibu mpwa wangu.

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Yeye ni mtu wa maandishi. Hawezi kuliacha jambo la karatasi."

Muuguzi akacheka, akamsafisha kidonda, akamchoma sindano, akaiweka karatasi chini ya faili. Jumatano akaja nayo tena. Safari hii hakucheka. Alimwambia dada yangu, "Mama, huyo mjomba wenu anatoka nchi gani?" Dada yangu akajibu kwamba mkwe ndiye amekwenda kumwita, na mkwe hajarudi. Aliniambia kwamba kila gari likisimama getini yeye aliinuka kwenye mkeka kuangalia.

Mkwe wakati huo alikuwa njiani. Alipiga pedali kutoka Mikindani hadi kijijini kwao, akafika giza limeingia, akaambiwa mshenga yuko shamba la mpunga bondeni, anafukuza ndege. Jumatano akamtafuta mabondeni, akampata jioni. Alhamisi alfajiri akampakia mzee nyuma ya baiskeli, akamleta njia nzima ya mchanga na kokoto mpaka Mikindani. Walifika alasiri. Mzee alipoteremka hakuweza kunyoosha miguu, ikabidi ashikwe.

Nilitandika mkeka. Mzee akazungumza kwa mpangilio: tulikuja kwako siku ile kuomba, ukatupa, tumekaa naye vizuri, sasa kimetokea hiki. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikasema nimesikia, nikawapa chai. Na hata hapo sikuondoka. Nilisema tutakwenda asubuhi, nguo yangu nzuri ilikuwa haijapigwa pasi.

Ijumaa asubuhi niliingia wodini nimevaa kanzu. Mpwa wangu aliponiona alitabasamu, akajaribu kujiinua. Mguu ulikuwa umefunikwa kwa shuka iliyoinuliwa kama hema dogo, na harufu niliyoisikia sitaieleza. Daktari, kijana mwembamba, alinipeleka dirishani.

"Mzee, Jumanne tulizungumza habari ya vidole viwili. Sasa tunazungumza habari ya chini ya goti. Tukiendelea kungoja tutazungumza habari ya maisha yake. Ulikuwa wapi?"

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mkwe alikuwa mlangoni, kandambili zake mkononi.

"Habari nilifikishiwa jana alasiri," nikasema.

Kwa miaka mingi ya ukarani nilikuwa nimeandika maelezo ya watu wanaosema maneno ya namna hiyo, maneno ambayo ukiyakagua moja moja huoni uongo. Nilifikishiwa jana alasiri, kwa mshenga, juu ya mkeka. Dada yangu aligeuka taratibu akamtazama mkwe wake. Mkwe akatazama sakafu. Mbele ya mama mkwe na mjomba hakuwa na ruhusa ya kunikanusha, na mimi nililijua hilo nilipokuwa nafungua kinywa.

Nikatoa kalamu nikasaini. Daktari akasema nina mwandiko mzuri.

Mguu ulikatwa siku ileile, chini ya goti. Mpwa wangu alipona. Alikaa wodini zaidi ya mwezi, akafundishwa kutembea na magongo katika lile baraza refu, muuguzi yule mnene akirudi kinyumenyume mbele yake na kusema, "Njoo, njoo, nifuate, mimi mzito kuliko wewe na natembea." Nilikwenda kumwona kila Jumapili na matunda. Kila mtu alinisifu kwa matunda hayo.

Lawama ikamwangukia mkwe. Ilisemwa kijijini na mjini kwamba alitumwa amwite mjomba, akapitia kwao mtoni kufanya mambo yake, akatumia siku tatu kwa safari ya saa moja. Dada yangu hakula tena chakula nyumbani kwake. Alihamia kwangu Mikindani, na alipofariki miaka michache baadaye alikuwa bado akisema kwamba mtu wa ng'ambo alimpotezea mwanawe mguu. Niliyasikia maneno hayo akiwa amekaa kwenye kiti changu, akinywa chai yangu, na sikusema neno. Mara nyingi nilijiandaa kusema. Nilingoja atulie, nilingoja mwezi mtukufu, nilingoja apone homa. Yeye hakuningoja.

Mpwa wangu na mumewe walihamia mjini, Ufukoni, kwa kuwa shamba halikumfaa tena mtu wa magongo. Mume akawa fundi baiskeli, mke akakaanga vitumbua asubuhi.

Miaka ya elfu mbili ilipofika katikati, nilikuwa nimestaafu, na ngiri niliyoificha muda mrefu ikanilaza. Nilipasuliwa katika hospitali ileile, wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki na watoto wangu wako mbali. Aliyekuja kunihudumia ni mpwa wangu. Kila asubuhi nilisikia magongo yake yakigonga sakafu ya baraza kabla sijamwona, na nyuma yake mumewe amebeba chupa ya uji, na siku nyingine ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku, ndani ya kitambaa, ingawa daktari hakuwa amesema lolote kuhusu ming'oko.

Siku ya nne uji ulikuja bila kijiko. Mumewe akasema atakwenda kununua dukani mara moja.

"Msimtume huyu," mpwa wangu akamwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Atarudi uji umechacha. Nilipolazwa mimi, alitumwa Jumanne kumwita mjomba hapo Mikindani, akamfikisha Ijumaa. Ndiyo maana unaniona hivi."

"Siku tatu?" jirani akacheka. "Alikuwa anatambaa?"

"Muulize mwenyewe."

Mume alitabasamu. Niliona kwamba ni mzaha wa nyumbani, umesemwa mara nyingi mpaka umelainika kama mpini wa jembe, lakini niliona pia alivyoyapeleka macho yake pembeni, kama siku ile mlangoni. Akatoka kufuata kijiko.

"Mwanangu," nikasema, "alifika."

"Nani?"

"Mumeo. Alifika kwangu Jumanne. Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimwambia alete mshenga."

Alikuwa anafungua chupa. Akaifunga tena, akakizungusha kifuniko hadi mwisho.

"Jumanne saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri."

"Mshenga wa nini?"

Nikamweleza habari ya muuza dagaa na wale wanawake wawili, na nilipokuwa naieleza niliona jinsi ilivyo ndogo. Jirani yangu akageukia ukutani. Mpwa wangu akaiweka chupa chini.

"Muuguzi aliniletea wino mara mbili," akasema. "Nilimwambia mjomba anakuja."

Akachukua magongo yake akatoka. Nikasikia yakigonga mpaka mwisho wa baraza.

Kesho yake hakuja mtu. Jirani yangu alinigawia chai. Keshokutwa pia hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja mume peke yake, na uji na kijiko. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mjomba, kwa nini umesema? Tulishazoea."

"Wewe ulizoea?"

"Mimi nilizoea. Yeye sasa ndiyo anaanza upya. Siku ile hakusema na mimi usiku kucha. Anasema mimi na wewe tulikuwa na siri juu ya mguu wake, na mguu ni wake."

"Ana haki."

"Anayo. Kunywa uji." Nilipomaliza aliosha kijiko, akasimama. "Amesema ukitoka hospitali uje nyumbani. Ila usije peke yako. Uje na mshenga."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania, na nadhani hata mpwa wangu hakuwa anatania.

Nilipopata nafuu nikapanda gari la kwenda kijijini kwao, kule mto Ruvuma. Mshenga alikuwa hai bado, macho yamekaribia kupofuka, amekaa kizingitini akipukuchua mahindi kwa vidole. Nikajitambulisha.

"Karani," akasema. "Makalio yangu yanakukumbuka. Ile baiskeli haikuwa na mto."

"Nisamehe, mzee. Nimekuja kukuchukua tena. Safari hii kuna gari."

"Nikaseme nini?"

"Useme nilikosea."

"Hilo tu?" Akaendelea na mahindi. "Si ungeandika barua, wewe mtu wa mwandiko."

Lakini alikuja. Njiani alilala begani mwangu. Ufukoni tulipiga hodi saa ya alasiri, na kutoka ndani mpwa wangu akaitika, "Karibuni, kaeni hapo barazani." Tukakaa. Alikaanga samaki, akafagia ua, akaanua nguo, magongo yakipita mbele yetu huku na huku. Mzee akaninong'oneza, "Anatusikia kweli huyu?" Nikamwambia anatusikia. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika barabarani alipotandika mkeka na kumwita mumewe.

Mshenga alianza kwa mpangilio wake uleule, tulikuja siku ile kuomba. Mpwa wangu akamkatiza kwa heshima.

"Babu, wewe umefika, inatosha. Nataka aseme mwenyewe, na amwambie huyu, si mimi."

Nikamgeukia mkwe. Nikasema kwamba alifika Jumanne kabla ya adhuhuri, kwamba aliniambia vidole viwili, kwamba nilimrudisha kwa kiburi na si kwa mila, kwamba mbele ya daktari nilisema maneno ya kumbebesha mzigo, na kwamba nilimwacha dada yangu afe akiyaamini. Mkwe alikunjakunja ncha ya mkeka. Alisema, "Haya, mjomba. Yamefika."

Mpwa wangu akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, nami sikumuuliza. Kisha akatuletea samaki, na ugali wa muhogo, na mzee akala kuliko sisi wote.

Mwaka uliofuata walikuja wataalamu wa miguu ya bandia hospitalini. Walimpima mpwa wangu, wakasema upo mfupa uliochongoka chini ya ngozi, lazima upunguzwe kwanza ndipo mguu wa bandia ukae. Alinitumia ujumbe niwepo. Nilifika mapema, nikakaa naye kwenye benchi, mumewe upande wa pili. Yule muuguzi mnene alishastaafu; aliyetoka na faili alikuwa binti mdogo aliyesoma majina harakaharaka.

"Mwenye mgonjwa yuko wapi?"

Mkono wangu ulishaingia mfukoni kwa mazoea. Baraza zima lilitutazama.

"Mwenye mgonjwa ni mimi," mpwa wangu akasema, akaipokea karatasi na kuiweka juu ya paja. "Na shahidi ni huyu." Akamgusa mumewe begani.

Muuguzi akapapasa mifuko yake, hana kalamu. Nikatoa yangu nikampa mpwa wangu. Aliandika jina lake herufi moja moja, jinsi alivyojifunza ukubwani, akampitishia mumewe. Naye akaandika, polepole zaidi, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Niliona anakosea herufi moja katika jina lake mwenyewe. Nikatazama uani, kwenye mafiga, ambako mtu alikuwa anapuliza moto, mpaka akamaliza.